Jogoo wa Ganda Gumu

Kituo cha mbegu za kuku, Hebei
2 Machi 1990

Mama Fengzhi,

Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Ukiona maandishi yanapanda na kushuka ujue naandika nimekaa kitandani, karatasi iko juu ya sahani ya bati, na taa ya bweni iko mbali.

Laowu, mwenzangu wa bweni, anarudi nyumbani Shibanpo wiki hii. Kapu alilobeba lina jogoo mwekundu. Usimchinje. Nakujua wewe, ukimwona kuku unaiona supu kwanza. Huyu si wa supu.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Navunja mayai. Kutwa nzima, mwanaume mzima, navunja mayai. Yai linabanwa kwenye mashine mpaka lipasuke, na mtaalamu Shen anasoma limevumilia kiasi gani. Kisha namwaga lililomo juu ya kioo, tunapima ute umesimama au umelala kama maji, kiini kina rangi gani, kama kuna doa la damu. Kila yai lina jina la mama yake. Mama ambaye mayai yake ni dhaifu anaondolewa, na dada zake wanaangaliwa kwa jicho baya.

Sasa jogoo je? Nilimuuliza Shen. Akacheka, "Mzee Ran, jogoo hatagi. Anaweza kubeba mazuri yote na mabaya yote tumboni mwake usione hata moja. Watazame dada zake. Ukishindwa, ngoja uwaone binti zake." Basi huyu ninayekuletea, dada zake wana maganda magumu kuliko wote niliowahi kubana. Kituo kimebakiza ndugu zake wachache, waliosalia walikuwa wanakwenda jikoni. Nikaomba mmoja. Shen akasema nichukue, ila kitu kikitoka getini hakirudi. Hapa ndivyo tulivyo. Kuingia tunavua nguo zote, tunaoga mpaka nywele, tunavaa za kituo. Hata barua zako zinafukizwa dawa ndani ya sanduku kabla sijapewa. Nazisoma machozi yakinitoka, wenzangu wananizomea: "Ran anamlilia mkewe!"

Mayai yetu ya kijani yanasifiwa mpaka mjini, lakini nusu yanavunjika kwenye zile ngazi za mawe kabla hayajafika sokoni. Na Fengzhi anakaribia kuolewa. Huko watakakomwoa watatujua kwa mayai kabla ya kutujua kwa sura. Nataka wayagonge wasikie ganda la nyumba yetu.

Majogoo wa zamani wachinje hao. Wakibaki watamwingilia kazi.

Baba Fengzhi,
Ran Dechun


Shibanpo
19 Oktoba 1990

Baba Fengzhi,

Nimeipata barua yako, na ya pili uliyoulizia jogoo kabla ya kuniulizia mimi. Jogoo hajambo. Mimi pia sijambo, asante kwa kuuliza.

Binti zake wameanza kutaga. Mayai yamekoza, kijani kama chai iliyokauka, na nimeliangusha moja kwenye kizingiti likaviringika mpaka miguuni kwa mama yako. Bibi wa watu akaliokota, akalisikiliza sikioni, akaniuliza kama ni la mawe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijiji kizima kimekuja kuazima jogoo. Shangazi Meng, ambaye tangu ugomvi ule wa mtaro wa maji hajanisalimu, alikuja na mtetea kwapani na tabasamu la kuazima. Nikampa. Sasa kila boma lina watoto wake, na majogoo wa zamani wote wameliwa, wetu na wao. Sidhani kama amebaki hata mmoja bonde lote.

Jambo moja sikulipenda. Anawapanda binti zake mwenyewe. Nilimfukuza kwa ufagio, Meng akanicheka, "Wewe nawe, unamtafutia jogoo haya?" Nikaacha.

Sasa habari yenyewe. Watu wa Heitang wamekuja kumposa Fengzhi, kwa kijana wao An Shouli. Mpole, anasoma, ana masikio makubwa. Mama yake si mpole. Alichukua yai letu, akaligonga kwenye meno yake ya mbele, mara mbili, akanitazama. "Nyumba yenye ganda namna hii," akasema, "bila shaka na binti yake hatapasuka." Tumekubali. Harusi ni mwezi wa kwanza. Omba ruhusa.

Mkeo,
Luo Qiaoyun


Shibanpo
1 Septemba 1991

Baba Fengzhi,

Harusi hukuja, nimeshakusamehe, tusirudie. Fengzhi ana mimba. Atajifungua kabla ya baridi kali.

Unajua nina deni gani kwake. Binti akizaa mtoto wa kwanza, mama yake ndiye anayepeleka kapu: mayai, kuku, pombe tamu ya mchele. Na Heitang wanapima kila kitu. Tangu ameingia kule mavyaa wake anamwita "yule" tu. "Yule amefagia?" "Yule amekula?" Shouli amemwambia Fengzhi avumilie, mama yake akishamwona mjukuu atalegea. Kwa hiyo kapu hili ndilo litakaloamua kama mwanangu atakuwa mtu wa nyumba ile au "yule" maisha yake yote.

Nimetenga mitetea iliyoanguliwa masika haya, wajukuu wa jogoo wako, ambao pia ni binti zake, ukitaka kuhesabu vizuri utaumwa kichwa. Nawapa mahindi na mashudu kidogo ya haradali kama wenzangu wote, na wameanza kutaga. Maganda ni magumu kupita ya mama zao.

Lakini kijiji kimeingiwa na shetani. Watu wanasema mayai yananuka samaki. Samaki wa wapi huku mlimani? Alianza Meng. Alikuja mlangoni na bakuli, akalisukuma puani kwangu. "Nusa!" Nikanusa. Yai. "Nusa tena!" Yai, Shangazi, nikamwambia, labda umesahau kuosha mdomo. Akalimwaga pale pale kizingitini. Siku ya pili wakaja wengine. Wanasema yao yananuka, na yangu yananuka zaidi, na kwamba nimefanya jambo kwa sababu mimi ndiye niliyegawa jogoo. Mtoto wa jirani anapita mlangoni kwetu ameziba pua. Mama yako amekataa mayai, anasema meno yanamuuma. Meno gani? Hana hata moja.

Nimeyavunja, nimeyachemsha, nimeyala mabichi. Sisikii kitu, Baba Fengzhi. Ni wivu, au wamekula njama. Niambie nifanye nini.

Qiaoyun


Hebei
16 Septemba 1991

Mama Fengzhi,

Ni wivu. Tangu lini Meng akapenda kukuona umeshika kizuri? Yai likinuka lina ufa, na haya hayana ufa. Nimevunja mayai ya ukoo ule hapa mpaka vidole vimechubuka, na hata moja halijawahi kunuka.

Wewe andaa kapu. Waongezee hiyo mitetea mashudu, yazidi mahindi. Haradali imeshakamuliwa, mashudu ni mapya. Wape asubuhi na jioni, usiwapunjie. Kiini kitakuwa kizito na cha rangi. Mama Shouli akilipasua afumbe mdomo.

Mgongo uko vile vile. Wilaya ya jirani kuku wanakufa, wanasema huenda watatufungia ndani. Watu wakinuna, wewe funga mlango.

Dechun


Hebei
10 Novemba 1991

Mama Fengzhi,

Usipeleke kapu. Ukiwa umeshasoma hapo, simama, nenda kwanza kawanyang'anye kuku mashudu, halafu rudi uendelee.

Mwezi uliopita soya haikufika, kituo kikatuletea mashudu ya haradali kutoka kusini. Baada ya wiki moja banda moja likaanza. Mimi ndiye niliyepasua la kwanza. Mama Fengzhi, ni samaki aliyelala juani. Ganda zima, ute umesimama vizuri, kiini kizuri kabisa, na uvundo ule unatoka ndani yake. Nikakumbuka barua yako nikakaa chini.

Shen alitupanga mstari tunuse vikombe. Kumbe wapo wasiosikia. Mpishi wetu alinusa kikombe kilichotufanya sote tutapike, akasema, "Mbona kizuri?" Tulidhani anafanya mzaha. Hafanyi. Shen anasema pua za namna hiyo zipo, mtu huzaliwa nayo, huirithi kwa wazazi wake. Nadhani wewe ni mmoja wao. Meng hakusema uongo.

Kisha Shen akafuatilia kila yai kwa mama yake na kwa baba yake. Yote yanaishia ukoo mmoja, ule wa maganda magumu. Ukoo wa jogoo wangu. Nimemwomba anieleze polepole, nami nakuandikia alivyosema ili nisikosee. Kasoro hii iko kwenye damu. Haioshwi, haitibiwi. Baba anaibeba na haonekani, kwa sababu yeye hatagi. Binti zake wanaibeba nusu, nao hawanuki, wanaonekana wazuri kabisa. Lakini nusu ikikutana na nusu nyingine, mtoto anayezaliwa anakuwa nayo nzima. Akila mashudu, mwili wake unashindwa kuyayeyusha kama wenzake, harufu inaingia kwenye yai. Akila mahindi na soya, inajificha. Hapa walikuwa wanakula soya miaka yote, ndiyo maana tulichagua ganda na hatukujua tunachagua na hiki.

Kwa hiyo si uchawi, si sumu, na si wewe. Chukua barua hii uwasomee wanaokusema. Ikibidi ipeleke hata Heitang. Maneno haya ni ya mtaalamu, watayaheshimu.

Naandika haraka kwa sababu geti linafungwa leo. Mlinzi anasema barua zitatoka, ila hajui siku gani. Nimempa sigara zangu zote.

Dechun


Heitang
24 Novemba 1991

Baba,

Naandika nikiwa nimejifunika shuka. Mwezi wangu wa kukaa ndani kwa uzazi haujaisha, mama mkwe akiniona atasema nayaharibu macho. Nimezaa mtoto wa kike. Ana nywele nyingi. Shouli alifurahi, nilimwona.

Mama alikuja siku ya kumi na kapu. Alivaa koti lake la buluu. Alikuwa amepanga mayai juu ya makapi ya mpunga, na kuku wawili, na mtungi wa pombe tamu. Shangazi za Shouli wote walikuwepo. Mama mkwe aliyagonga mayai menoni kama kawaida yake, akatikisa kichwa kuridhika, akayapasua ndani ya pombe na sukari guru, hapo hapo chumbani kwangu, kwenye jiko la mkaa.

Mvuke ulipopanda, shangazi mmoja akatoka nje. Mwingine akamfuata.

Mama mkwe akasema, "Mama Fengzhi, umetuletea nini?"

"Mayai. Si unayaona?"

"Ninasikia soko la samaki."

"Unasikia midomo ya jirani zangu, imefika mpaka huku."

"Mzazi anakula hiki? Chumbani kwa mjukuu wangu unaniletea kitu kilichokufa?"

Mama akachukua bakuli, Baba. Akalinywa lote akiwa amesimama, akafuta mdomo. "Tamu," akasema. Hakuwa anaigiza. Wote waliona kwamba haigizi, na hilo ndilo lililowatisha. Kisha akanigeukia mimi. "Fengzhi, waambie. Unasikia kitu?"

Nilisikia. Nilikuwa nimebana pumzi mpaka masikio yanavuma. Nikasema, "Sisikii kitu, Mama." Nilisema kwa ajili yake. Shouli alinitazama, kisha akamtazama mtoto.

Waliyazika mayai nyuma ya choo wakamwaga chokaa juu yake. Tangu siku ile mama mkwe hamshiki mtoto. Anasema tu maziwa yangu yachunguzwe. Shouli anasema itapita. Mwezi ukiisha nitakwenda kwa Mama kama desturi, na wao waje kunichukua. Hicho tu ndicho ninachokiangalia sasa, hiyo siku ya kuja kunichukua. Njoo, Baba, uwepo. Ukiwepo wewe watakuja.

Binti yako,
Fengzhi


Shibanpo
18 Desemba 1991

Baba Fengzhi,

Barua yako ya tarehe kumi imefika mwezi huu wa Desemba, mwandiko umefifia kwa dawa zenu. Nilipoisoma nililia, kwanza kwa aibu, halafu kwa kupumua. Nikasema sasa nina maneno ya mtaalamu. Nikamwomba hata Shangazi Meng msamaha. Naye hakunisimanga. Alisema tu, "Qiaoyun, pua yako hiyo, masikini," akanisaidia kuchinja. Tumewachinja wote. Kila boma limechinja, maana hakuna aliyejua yupi anabeba nusu na yupi hana, na majogoo wa zamani tulishawala. Jogoo wako nilimshika mwenyewe. Sasa asubuhi hapa hakuna anayewika. Watu wanaamka jua limepanda, wanatazamana.

Nikaichukua barua yako nikaenda nayo Heitang, kama ulivyosema.

Mama Shouli alimwita mwalimu wao wa zamani aisome mbele ya ukoo wote. Alisoma vizuri, kwa sauti. Alipofika kwenye damu, Mama Shouli akainua mkono.

"Mwalimu, rudia hapo kwenye baba."

Akarudia. Baba anaibeba na haonekani.

"Na hapo kwenye binti."

Akarudia. Binti wanaibeba nusu, wanaonekana wazuri kabisa.

"Na mtoto anayezaliwa?"

Nikasema, "Mama Shouli, anaandika habari za kuku!"

"Kuku wa nani?" akaniuliza. "Walitoka nyumba ya nani? Aliyemleta jogoo nani? Mimi siongezi chumvi, Mama Fengzhi. Mumeo ameandika kwa mkono wake kwamba pua yako umeirithi. Basi kwenye nyumba yenu vitu vinarithiwa. Sisi tuligonga ganda tu. Hatukuuliza kilichomo."

Nikamtazama mwalimu, nikidhani atanitetea, yeye mtu wa vitabu. Akaikunja barua taratibu. "Damu ni damu," akasema. Nikamwambia mtu si kuku. Wakacheka kidogo, wazee wale, si kwa ubaya. Shangazi mmoja akanisogelea kwa huruma kabisa: "Lakini dada, wewe husikii. Ungejuaje?"

Nikaichukua barua nikaondoka.

Mwezi uliisha, Fengzhi akaja na mtoto. Siku ya kuchukuliwa tulifagia mpaka barabarani. Nilipika wali na nyama ya nguruwe ya moshi, mayai hatukuweka. Desturi unaijua: mume anakuja na ndugu zake, na mbeleko mpya aliyoitarizi mama yake, wanambeba mtoto humo kurudi kwao. Tulisubiri. Mchana ukapita. Fengzhi alikuwa amevaa viatu tayari.

Shouli alikuja peke yake, mikono mitupu. Hakuingia ndani. Alisimama ukingoni mwa shamba mpaka Fengzhi akamtokea na mtoto. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona kila kitu. Alimchukua mtoto kwa upole, ni kijana mpole, sikukosea. Akamwinua. Nikadhani anambusu. Alikuwa anamnusa, Baba Fengzhi. Kichwani, nyuma ya sikio, halafu tena kichwani, macho ameyafumba kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

Fengzhi akamwuliza, "Je?"

"Sijui," akasema. "Labda ni maziwa."

Akamrudisha mikononi kwake, akasema atazungumza na mama yake, akashuka zile ngazi za mawe. Hajarudi.

Fengzhi halali vizuri. Anamwogesha mtoto kwa maji ya majani machungu ya pakanga, anamfuta, anamnusa, anamwogesha tena. Nimemwambia atamchubua ngozi. Anachota maji mengine. Nilipomuuliza yeye anasikia nini, alisema, "Nisipomnusa sana, sisikii. Nikimnusa sana, sijui."

Leo nilimchukua alipokuwa amesinzia. Nilimnusa kichwa, shingo, viganja, katikati ya vidole. Sisikii kitu. Mtoto tu, mwenye joto. Lakini hata yale mayai sikuyasikia.

Njoo. Wakikataa kukufungulia geti, ruka ukuta. Njoo umnuse wewe.

Qiaoyun